Istikhara Ambayo Sikuiswali

Nilisema nimeswali, na sikuwa nimeswali. Jambo lenyewe ni hilo, na ningeweza kuliandika kwa mstari huo mmoja nikafunga daftari. Lakini mwalimu wetu wa kisomo cha jioni alitufundisha kwamba mtu akiandika, aandike mpaka msomaji aelewe. Na mimi nataka lieleweke, ingawa uso unaniwaka hapa nilipokaa.

Kwa asiyejua, istikhara ni swala ya rakaa mbili. Mtu akiwa na jambo mbele yake, hajui alifuate au aliache, hutia udhu, akaswali, kisha akaomba dua: Ewe Mola, kama jambo hili lina heri na mimi nirahisishie, na kama lina shari niepushie. Halafu husubiri. Wako wanaosubiri ndoto. Mimi mama yangu alinifundisha nisingoje ndoto, ningoje moyo. Utauona umeelemea upande mmoja, kama mtungi ulioutua mahali pasipo sawa. Pengine utaswali siku moja, pengine siku saba. Wala haina haraka. Ukiona una haraka, basi umeshajijibu mwenyewe, na hukuwa na haja ya kumsumbua Mungu.

Hayo nilikuwa nikiyajua. Na wanawake wa kijiji chetu cha Mwabungo walikuwa wakijua kwamba nayajua. Miaka ile ya hamsini na kitu, haikupita wiki mbili bila mmoja wao kunibishia hodi. "Niswalie, dada. Mume wangu ataka kuuza shamba." "Niswalie, mwanangu ataka kwenda kufanya kazi Mombasa." Nami nilikuwa nikiwaswalia, nikawapa jibu, wakaondoka wamefurahi. Nami nilikuwa nikiona raha. Sitaificha. Nilikuwa mjane, sina shamba la maana, sina ndugu mwenye cheo, lakini nilikuwa mtu wa kuombwa dua. Nikipita njiani watu walinipisha.

Kazi yangu ilikuwa makumbi. Tulikuwa tukiyafukia maganda ya nazi kwenye mashimo ya pwani upande wa Galu, pale maji yanapofika yakijaa, tukayagandamiza kwa mawe, tukayaacha miezi. Yakishalainika tunayafukua, tunayaponda kwa rungu, tunapata usumba wa kusokota kamba. Kazi yenye harufu, lakini kazi ya kujua. Ukiyafukua kabla ya wakati, nyuzi zinakatika mkononi. Wenzangu walikuwa wakiniita nije nibonyeze kwa kidole gumba. Nikisema bado, hakuna aliyebisha. Hata sijui nilijuaje. Mkono ulikuwa ukijua.

Mwanangu wa kike alikuwa mmoja tu. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Alipofika miaka kumi na saba palianzishwa kisomo cha watu wazima, jioni mbili kwa wiki baada ya Magharibi, chini ya karabai moja lililokuwa likivuma kama nyuki. Tulikuwa tukienda pamoja. Daftari lilikuwa moja, kwa hivyo yeye aliandika kuanzia mbele, mimi nikaandika kuanzia nyuma. Alikuwa akiniambia, "Tutakutana katikati, mama. Lakini wewe unatambaa, sijui kama tutaonana." Yeye alikuwa mwepesi, herufi zake zimesimama wima. Zangu mpaka leo zinalala.

Basi mwaka huo, mwezi wa Rajabu, shemegi yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa walii wa mwanangu wa kumwoza, akaja na habari ya posa. Kuna kijana wa Vanga, anafanya biashara ya boriti, watu wake wanajulikana, ana dini, anasoma Kurani kwa sauti nzuri. Wanataka waje watuone.

Wakaja siku moja baada ya Alasiri: yeye, shangazi yake, na shemegi yangu akiwaongoza. Kijana alikuwa na miaka kama thelathini. Kanzu safi, kucha safi, sauti ya chini. Alinipa shikamoo kwa adabu kamili. Mwanangu akaleta kahawa na kaimati, akaziweka, akarudi nyuma ya pazia kama inavyotakiwa. Tukazungumza.

Shangazi yake alikuwa mama mcheshi. Akasema, "Mwenzangu, tusidanganyane. Maji ya kwetu yana chumvi. Mgeni akinywa siku ya kwanza hukunja uso kama amelamba ukwaju."

Kijana akasema, "Atazoea."

Shemegi akacheka. "Na mbu je? Mimi nimesikia mbu wa Vanga hubisha hodi kwanza."

"Atazoea."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha nikasema, "Huyu mwanangu anasoma. Tunakwenda wote kisomo cha jioni. Huko kwenu kipo?"

"Kisomo!" shangazi akasema. "Mama, huko tuna mikoko na matope."

Kijana alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake. Akasema, polepole, bila ubaya wowote, "Atazoea kukaa bila."

Haya za vijana nazijua. Kijana mwenye haya hatazami pazia kwa sababu anajua nyuma yake kuna mtu. Huyu hakulitazama kwa sababu kwake hapakuwa na mtu. Alikuwa akisema kama mtu anayezungumzia boriti ambayo ameshaipima. Na nyuma ya pazia nilisikia sinia likitua chini, taratibu sana. Kitu kikanikaza hapa, chini ya kifua. Kikakaza, kisiachie.

Hilo ndilo ninalotaka mwenye kusoma alishike. Mimi nilijua siku ile ile, kahawa haijapoa.

Walipokuwa wanaondoka, shangazi alinishika mikono yote miwili. "Tumesikia wewe ni mtu wa swala. Hatutaki jibu la haraka haraka la kidunia. Tunataka umuulize Mungu, na utakalosema wewe sisi litatutosha." Basi, kichwa kikavimba. Yaani hata Vanga walikuwa wamenisikia!

Kesho yake nikampeleka mwanangu Msambweni kwa dada yangu, maana kwetu binti hakai nyumbani huku akizungumzwa. Na asubuhi hiyo hiyo nikaingia katika siku zangu. Mwanamke akiwa hivyo haswali, wala istikhara haswali. Hakuna ajabu. Unangoja unatwahirika, basi.

Jioni shemegi akaja. "Shemegi, jamaa wanataka jibu Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Kwani zimebaki Ijumaa ngapi kabla ya mfungo? Wanataka waoane Shaabani katikati."

"Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili za nini?" Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Au na binti unataka kumfukia kama makumbi yako? Mpaka aanze kunuka ndipo umtoe?"

Jirani mmoja alikuwa akipita na debe la maji. Akasikia, akacheka naye. Nikaona aibu. Ningeweza kumwambia, shemegi, siswali siku hizi. Lakini yeye ni mwanamume, tena shemegi yangu, na midomo yangu haikuweza. Ningeweza kumwendea mkewe nikamwambia yeye, angemfikishia kwa neno moja na jambo lingekwisha. Hata hilo sikulifanya. Na dua ningeweza kuiomba hivyo hivyo, bila swala, kwa kuinua mikono tu. Dua haikatazwi. Sikuinua.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba zilikuwa haya za mwanamke. Hazikuwa haya. Siku tatu zile nilikuwa nikishika kazi hii naacha, nashika ile naacha, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ili nisije nikatulia. Nilijua nikitulia nitasikia, na nikisikia itabidi nimwendee shemegi nimwambie bado. Mimi, ambaye nilikuwa nikisema bado kwa makumbi ya watu wazima wakanitii, nilishindwa kulisema neno hilo kwa ajili ya mwanangu. Niliogopa waseme mjane anamkalia binti. Niliogopa wasiniite tena mtu wa swala.

Ijumaa akaja anatoka msikitini, kofia nyeupe kichwani, akakaa barazani.

"Haya, shemegi. Umeswali?"

"Nimeswali."

"Na moyo?"

"Umetulia."

"Alhamdulillahi!" Akapiga magoti yake kwa viganja viwili, akainuka na kwenda zake kwa furaha mpaka akaisahau bakora yake. Nikabaki na bakora mkononi. Nikajiambia, nikitwahirika nitaiswali tu. Mungu hafungwi na kutangulia wala kuchelewa. Nilijiambia hivyo kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu.

Jumamosi mwanangu akarudi. Tukakaa tunachagua mchele.

"Mama, nimesikia umeswali."

"Nimeswali."

"Siku ngapi?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikasema, "Tatu."

Akachagua mchele kidogo, akatupa kijiwe. "Na moyo wako ulielemea kule?"

"Ulielemea."

"Basi," akasema. "Mimi yule mtu sikumpenda wala sikumchukia, sijui nimwambieje. Lakini kama wewe umeswali siku tatu, sina neno."

Alisema hivyo, na alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumanne nikaoga josho, nikatandika msala, nikaswali Adhuhuri. Nilipotoa salamu nikakumbuka. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Hakuna aliyekuwa akiniita, chungu kilikuwa hakijawekwa motoni. Rakaa mbili tu. Nikaukunja msala upesi kama mtu aliyenyeshewa. Na wiki tatu zile mpaka ndoa, mara tano kila siku, nilikuwa nikiukunja vile vile. Swala za faradhi zote niliswali. Ile moja ndiyo niliyoikimbia.

Akaolewa. Nyimbo ziliimbwa, wali ulitosha, watu walisifu. Akaenda Vanga. Daftari akaniachia mimi. Alikuwa ameshafika mbali kwa upande wake, na mimi kwa upande wangu nilikuwa bado natambaa, kwa hivyo katikati zikabaki kurasa tupu. Sikuzigusa kwa muda mrefu.

Barua ya kwanza ilikuja kwa mkono wake. "Mama, mimi mzima. Maji nimeyazoea." Ya pili ilikuja fupi zaidi. Ya tatu ilikuwa ya mkono mwingine, mwandiko mzuri wa kiume uliolala vizuri: "Mwanao ni mzima na anakusalimu sana." Niliisoma mara nyingi. Kile kitu chini ya kifua kikakaza tena. Na wanawake waliponiuliza njiani, "Mwali wetu vipi huko Vanga?" nikasikia kinywa changu kikisema, "Ameshazoea."

Baada ya miezi saba nikapata nafasi kwenye lori la boriti lililokuwa likirudi tupu. Njia ile, ukiingia asubuhi unafika jua limekwisha, nguo zako rangi ya udongo. Mkwe wangu alinipokea kwa heshima. Alinichinjia kuku. Nyumba ilikuwa safi, nafaka ipo, nguo zipo. Nikamtazama mwanangu uso, mikono, shingo, kama mama anavyotazama. Hapakuwa na alama yoyote.

Nikamuuliza, "Hujambo, mwanangu?"

Akainua macho kumtazama mumewe kwanza.

"Hajambo," mumewe akasema.

Siku mbili nilizokaa pale zilikuwa hivyo. Nikiuliza kama amekula, mumewe anajibu. Nikiuliza kama anakumbuka nyumbani, mumewe anacheka kidogo na kujibu. Wala si kwa ukali. Mwanangu, aliyekuwa akimkosoa mwalimu mbele ya darasa zima, alikuwa amekaa mkekani na mikono mapajani, anasubiri kujibiwa.

Siku ya pili mkwe alipotoka kwenda kwenye boriti zake, nikamsogelea. "Niambie, mama yangu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Hakuna ubaya." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Ni Mungu aliyechagua. Mimi nitazoea."

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Tulikuwa wawili, mlango umeegeshwa, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Nikamwambia, "Subira, mwanangu." Nikapanda lori asubuhi yake nikarudi Mwabungo. Katika yote niliyoyafanya, hili la kumwambia subira ndilo linalonifanya mpaka leo nishindwe kuinua uso nikiwa peke yangu.

Mwaka ukapita na zaidi. Baada ya Idi mumewe akampa ruhusa ya siku kumi aje kunitazama. Siku kumi zikaisha hakufunga mzigo. Siku ya kumi na tano hakufunga. Sikumuuliza. Alikuwa akiamka, akala kidogo, akanifuata pwani kwenye mashimo, akaponda makumbi mpaka jasho likamtoka. Akawa anarudisha sauti, neno moja moja.

Kisha wakaja shangazi wa mumewe na shemegi yangu. Shangazi alikuwa mama yule yule mcheshi, ila siku hiyo hakucheka. Akamuuliza mwanangu kwa upole, "Kosa lake nini, mwanangu? Amekupiga?"

"La."

"Amekulaza na njaa?"

"La."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijaona."

"Basi ni nini?"

Mwanangu angesema nini? Kwamba mtu anamjibia salamu?

Shemegi akapiga goti. "Mbona hili ni rahisi! Mama yake yupo. Aswali istikhara nyingine. Ile ya kwanza si ilitoka vizuri?"

Wote wakanigeukia, mpaka mwanangu. Nikamwona ananitazama kama siku ile ya mchele, yuko tayari kubeba lolote nitakalompa.

Nikasema, "Nipeni siku."

"Siku ngapi?" shemegi akauliza.

"Sijui."

"Hujui! Tukae tunangoja mpaka lini?"

"Hata mimi sijui, shemegi. Jibu likipatikana mtaitwa."

Akatikisa kichwa, wakaenda zao.

Asubuhi yake tulikuwa pwani, maji yametoka. Tulikuwa tumefukua shimo moja na mwanangu amekaa mbele ya jiwe anaponda. Nikakaa ubavuni, siyo mbele yake, maana mbele nisingeweza.

Nikamwambia, "Ile istikhara sikuiswali."

Rungu likasimama. "Ipi?"

"Yako."

Ndege wa pwani walikuwa wakitembea kwenye majani ya bahari. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Siku zile nilikuwa siswali. Nikaona haya kumwambia baba yako mdogo."

"Na ulipotwahirika?"

Pale ningeweza kutafuta njia tena. Nikasema, "Nilitwahirika, na nafasi nilikuwa nayo wiki tatu. Niliogopa jibu."

"Kwa hivyo ulikuwa ukilijua."

"Nililijua tangu waliponywa kahawa."

Akalitazama lile kumbi mkononi kana kwamba halijui ni kitu gani. "Mama," akasema, "unajua mimi nilikuwa nikifanya nini kule? Kila nikiyanywa yale maji, kila akinijibia, nilikuwa najiambia, mama aliswali siku tatu. Mungu mwenyewe alimwonyesha. Nikimkataa huyu mtu, ninamkataa nani? Nilikuwa nikiogopa hata kumchukia. Nikasema basi kasoro ni yangu, moyo wangu ndio mbovu. Kumbe Mungu hakuulizwa."

"Hakuulizwa," nikasema.

Akainua rungu, akaliponda lile kumbi, akaliponda mpaka nyuzi zikakatika zote na likawa halifai kitu, na mimi nikatazama. Kisha akasema bila kunigeukia, "Usiniswalie. Usinigusie jambo hili hata kwa neno. Nitaswali mwenyewe. Nikimaliza nitasema mwenyewe."

Nikasema, "Haya."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutokusema kitu. Alikuwa akiswali wakati wa dhuha, jua likiwa limepanda kidogo, pale pale penye msala wangu. Akimaliza alikuwa akikaa tu, hana tasbihi, hana chochote, anakaa. Mimi nikiwa jikoni nakoroga uji na midomo inaniwasha. Ingekuwa mimi enzi zile, siku ya tatu ningekuwa nimeshampa mtu jibu, maana watu walikuwa wakinisubiri mlangoni na mimi nilikuwa sipendi kuonekana sina jibu. Yeye akaenda siku ya nne. Ya tano. Siku ya sita alitoka na uso umechangamka kidogo, nikafungua kinywa.

"Mama," akasema.

Nikakifunga.

Siku ya kumi na moja akaniambia, "Waite."

Walipokaa, nikamwomba mwanangu anitangulize mimi kwanza. Nikawaambia shangazi na shemegi yale yale niliyomwambia yeye pwani. Sikuongeza sababu.

Shemegi akasimama. "Unasema nini? Ulinidanganya mimi, nikaenda kwa watu na ulimi wangu?"

"Nilikudanganya wewe, na Mungu nilimsingizia."

"Ungesema tu! Ungesema bado! Kwani ningekufanya nini?"

"Ungecheka, shemegi."

Akakaa tena. Shangazi alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Akasema polepole, "Na sisi tukaweka nyumba yetu juu ya neno lako. Kijana wangu naye alikuwa akisema, mke huyu nilipewa na Mungu. Pengine ndiyo maana hakuona haja ya kumuuliza kitu." Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilikuwa nimemdhulumu hata yeye, na sikuwa nimemhesabu.

Kisha mwanangu akasema, "Mimi sirudi, shangazi."

"Fikiri, mwanangu."

"Nimefikiri siku kumi na moja. Moyo wangu si mbovu. Sirudi."

Hakupandisha sauti. Hakumtazama mtu kwanza. Talaka ilitoka baada ya miezi, bila ugomvi mkubwa, na shangazi yule mpaka leo hunitumia salamu, jambo ambalo hunifanya nizidi kuona haya.

Habari ilienea, vipi isienee. Kisimani walikuwa wakisema, nikiwa nasikia, "Huyo ukimpa dua yako mfungie kwa kamba, isije ikapotea njiani." Walikuwa na haki. Hodi zikakoma. Mmoja tu alikuja, mwanamke mdogo, hakuwa amesikia. Nikamwambia akaswali mwenyewe, mimi nitamshikia mtoto, na akae pale kadiri atakavyotaka, nisingemuuliza. Alikaa sana. Mtoto alinilowesha leso.

Mwanangu amerudi kisomo, na sasa ndiye anayewashikia mkono wanaoanza. Kurasa hizi ninazoandika ndizo zile za katikati. Ameniruhusu. Hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamwomba aharakishe.

Ila ana jambo moja. Nikisema neno lolote kwa uhakika, kwamba mvua itanyesha, kwamba chumvi imetosha, kwamba fulani atakuja kesho, huacha alichokishika akanitazama.

"Umeuliza, mama, au umesema tu?"

Jana nilimwambia makumbi ya shimo la mwisho yako tayari. Akaniuliza hivyo hivyo, mbele ya watu. Wakacheka. Nikashuka mpaka shimoni, nikatoa jiwe, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikangoja.

"Nilisema tu," nikamwambia. "Bado."

Akacheka na yeye. Tukayafunika.